Meno ya Mkwe Kwenye Gunia la Viazi

Leo nimepatikana, wenzangu. Nimepatikana nyumbani kwangu hapa Kilakala, mchana kweupe, mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi, bwana shamba, na baba mkwe wangu. Acheni niseme mwenyewe kabla Mama Zuhura hajafika hapa bombani na toleo lake.

Makopo yangu mnayajua. Nikikata kitunguu, kile kitako chenye mizizi sikitupi. Nakipanda kwenye kopo la udongo, majani yanachipua. Shina la kabichi vivyo hivyo. Viazi ulaya navimenya maganda manene makusudi, yale yenye macho, na nimeyafukia kwenye gunia la udongo na samadi nyuma ya jiko. Dukani siku hizi ukikuta kitunguu ni bahati yako, lakini mchuzi wangu haujakosa jani la kitunguu tangu mvua zianze. (Najisifu, ndiyo. Subirini.)

Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta mmoja, hakupendezwa. Alimwendea balozi akamwambia ninafuga takataka na mbu. Balozi akanionya kwamba atakuja na bwana shamba, na huyo akisema ni uchafu, makopo yote pamoja na gunia vinakwenda jalalani siku hiyo hiyo.

Na mkwe wangu yupo. Ameshuka kutoka Kinole kuja kutibiwa mguu. Ni mkulima tangu utoto wake, na alipoliona gunia alisema taratibu kwamba viazi ni mambo ya baridi ya mlimani, huku chini nitavuna majani. Mkwe hajibiwi. Tangu juzi naye ana msiba wake: meno yake ya bandia yamepotea. Alitengenezewa Dar es Salaam, ni fahari ya ukoo mzima, na akilala huyalaza kwenye kikombe cha maji. Tumechungulia mvunguni, tumekung'uta godoro, mume wangu amefika mpaka kumshuku paka. Mzee anakunywa uji tu, nami namwonea huruma. (Kumbe mchawi ni mimi.)

Basi leo wageni wamefika. Nimevaa khanga mpya, nimefagia, makopo nimeyapanga kwa kimo. Bwana shamba ni kijana mpole. Aliinama, akanusa majani ya vitunguu. Mama Zuhura akasimama mlangoni kwake akijifanya anachambua mchele. Balozi akauliza kama lile gunia nalo ni shamba au ni jalala.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikakunja mkono wa blauzi, nikautia kwenye udongo, nikapapasa. Nikagusa kitu kigumu. Moyo ukaruka! Nikakishika na udongo wake, nikakiinua juu, nikasema kwa sauti ya mkutano wa hadhara:

"Ndugu Balozi, haya ndiyo matunda ya maganda."

Bwana shamba anakitazama kiganja changu. Nami nikakitazama. Meno ya juu, safu nzima, yamejaa samadi, yananichekea.

"Hayo ni yangu," akasema mkwe wangu kutoka kwenye kigoda chake.

Hapo ndipo nikakumbuka. Mimi hata maji ya kusuuzia vyombo simwagi ovyo, nayapeleka kwenye gunia. Juzi asubuhi nilikusanya vikombe vyote vya nyumbani nikavimimina humo bila kutazama ndani, kisha nikaongezea udongo juu. Nimempanda baba wa mume wangu! Nikapiga magoti kumwomba radhi. Mama Zuhura alikuwa ameshamwaga mchele wote kwa kicheko. Balozi akawa anakagua bati la nyumba.

Mzee akainuka na fimbo yake. Nikajua sasa narudishwa kwetu Matombo. Akayachukua meno, akayafuta kwenye kanzu, akaniambia nisimame. Kisha akalishika gunia, akalipindua lote.

Udongo ukamwagika, na viazi ndani yake. Vidogo, kama mayai ya kuku, lakini viazi, tena vingi, vikabingirika mpaka kwenye viatu vya balozi. Mzee akaokota kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akakitazama sana.

"Mwanangu, nilisema huku chini haviwezi," akasema. "Nilikosea."

Mnaelewa lakini? Mkwe kumwambia mke wa mwanawe kwamba amekosea, mbele ya watu! Mume wangu hajawahi kulisikia neno hilo tangu azaliwe.

Bwana shamba akamwambia balozi makopo yabaki, ila niyatoboe chini maji yasituame mbu wakazaliana, na akaomba siku moja aje na kina mama wa mitaa mingine wajionee. Balozi amekubali, akaondoka na viazi mfukoni. (Nimemwona. Sijasema.) Vilivyobaki nimevichemsha. Mzee amechemsha meno yake kwanza, halafu akala sahani mbili. Jioni hii Mama Zuhura amekuja na maganda kwenye ungo, sauti ya chini, anauliza yafukiwe kina gani. Nimemwelekeza, sina kinyongo. Nina viazi.

Anayetaka kucheka na acheke. Ila kesho akija kwangu kuomba jani la kitunguu, aje na uso wa huzuni.