Kilo Saba Nukta Ngapi

Leo nimejidhalilisha kliniki hapa Korogwe, mbele ya wanawake wenzangu wa Kilole, kwa ajili ya desimali. Kidato cha nne nimemaliza, na hesabu nilipata C (sikubebwa). Sikilizeni.

Mama mkwe alishuka jana kutoka Dindira. Akamshika mwanangu Salma, wa miezi saba, akamminya mapaja kama anachagua parachichi. Akasema mtoto amekonda. Mwezi uliopita kadi yake ya kliniki ilisoma kilo 7.3.

"Kesho nakusindikiza kliniki," akasema. "Akiwa ameongezeka hata kidogo, sina neno. Asipoongezeka, wewe na mjukuu wangu mnapanda kwangu mwezi mzima, nimlishe mwenyewe."

Mwezi mzima. Banda langu la kusuka nimelifungua juzi juzi tu, wateja ndio kwanza wananizoea. Nilikasirika, ila kwa adabu. Ni mama mkwe.

Asubuhi tukapanga foleni. Zamu yetu ikafika, nikamvua Salma nguo zote, nikamlaza kwenye mizani. Ikaonyesha 7.446. Nesi akaandika kwenye kadi 7.4.

Hapo nilikuwa nimeshashinda. Kilichobaki ni kubeba mtoto na kuondoka. Lakini aliyetutangulia, mtoto wa jirani yangu, rika moja na Salma, alikuwa na 7.5, na mama yake alishaitangazia benchi nzima.

"Nesi, hujakadiria vizuri," nikasema. "Sita inapandisha nne kuwa tano, inakuwa 7.45. Tano nayo inapandisha nne. Ni 7.5."

Nesi akaweka kalamu chini. Dada mtulivu (na huo utulivu ndio ulionichoma).

"Mama Salma, ukikadiria kwenye nafasi moja ya desimali unaangalia tarakimu moja tu inayofuata. Ni nne. Nne haipandishi kitu. Huanzii mkiani."

"Mimi ndivyo nilivyofundishwa." (Uongo. Sikufundishwa hivyo.)

"Haya. Gramu mia nne arobaini na sita ziko karibu na mia nne au mia tano?"

"Mia nne," foleni nzima ikajibu, kama darasa la tano. Mama mkwe naye alijibu, mwanamke anayepima maharage kwa kopo.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Basi mizani yako mbovu. Mtoto alikuwa anatikisika. Futa, pima upya."

Mama mkwe akanivuta kanga. "Mwanangu, nne inatosha. Ameongezeka, nimekubali. Twende nyumbani."

Yaani mwenye kesi kaifuta kesi, mshtakiwa ndiye anayeng'ang'ania hukumu.

"Hapana, mama. Apimwe."

Nesi akaikata ile 7.4 kwa mstari mmoja, akaanza kusafisha mizani taratibu. Muda wote huo wa kubishana Salma alikuwa uchi mikononi mwangu. Nikahisi joto tumboni. Kwanza mkojo, tena mrefu. Halafu ile kazi nyingine, yote, kwenye gauni langu. Wala hakulia. Alicheka.

Nikamfuta, nikamlaza. 7.341.

Nesi akaitazama namba, akanitazama mimi. "Hii hata ukianzia mkiani, mama, ni 7.3."

"Rudisha ile ya kwanza."

"Ile si ulisema ni ya mizani mbovu?"

Akaandika 7.3, ile ile ya mwezi uliopita. Benchi haikucheka. Ilifanya vibaya zaidi, ilikohoa. Jirani yangu akanipa kitambaa nifutie gauni, kwa huruma kabisa. Nilitamani kumpiga nacho.

Tulipotoka nje nikajaribu bahati yangu. "Mama, si umeona mwenyewe alikuwa na 7.4? Hiyo tofauti ninayo hapa kwenye gauni."

"Nimeiona. Na harufu yake naisikia." Akamchukua mjukuu wake, akamfunga mgongoni. "Nilipokuambia twende, ulikataa. Kadi imeandikwa tatu. Kafungashe."

Kwa hiyo nafungasha. Sweta la Salma silioni, na huko juu kuna baridi. Wateja wangu, banda limefungwa hadi mwezi ujao. Mkiulizwa nilipo, semeni nimekwenda kumsalimia mama mkwe kwa hiari yangu mwenyewe.