Kona Yetu na Baiskeli Mbili

Jumamosi, tarehe 4
Andika, mkwe wangu, usiruke neno. Mwanao anataka kushindana. Dukani kwa fundi kuna baiskeli mbili, achague moja. Ya barabarani, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Ya triathloni, unalalia viwiko kama mtu aliyechoka kungoja chakula. Hiyo ya pili mashindano yake yanaanza na kuogelea, ndipo baiskeli, kisha mbio za miguu. Kuogelea! Mjukuu wangu anaelea kama jiwe. Siitaki.

Jumapili, tarehe 5
Nimemnong'oneza fundi aseme ya triathloni ina kutu. Akauliza, bibi, nichafue mali yangu mwenyewe? Kisha akanitia hofu mpya. Eti ya barabarani wanakwenda kundi zima, magurudumu karibu yagusane, akianguka mmoja wanaanguka kumi. Ya triathloni mtu yuko peke yake. Nimegeuza mpango. Achukue ya triathloni. Maji angalau ni laini.

Jumatatu, tarehe 6
Nimeipanda mwenyewe, mjukuu aone ilivyo tamu. Fundi kashika kiti. Nimelaza viwiko, makalio juu, macho chini. Wifi yangu akapita, maana huyo hakosi. Akauliza kama natafuta hereni. Nikainua kichwa nimjibu. Nikaangukia rundo la matairi.
Mjukuu akaniinua, akanipangusa vumbi taratibu kama mimi ndiye mtoto. Akasema, bibi, umenisaidia kuchagua. Ukilala hivyo humwoni mtu. Nachukua ya barabarani, nikipita kwenye kona yetu nikuone.
Nililia kidogo. Wifi nimemwambia ni vumbi. Usiandike hilo. Umeshaandika? Basi.

Jumapili, tarehe 12
Mashindano. Nimesimama kwenye kona tangu alfajiri, wifi pembeni na kiti chake. Kundi likaja kama nyuki. Yeye katikati, mzima. Akainua uso, akanitafuta, akatoa mkono mmoja akanipungia. Nusu ya kundi ikampita palepale. Kawa wa pili kutoka mwisho. Wifi kacheka mpaka kiti kikamsaliti. Mjukuu akasema hajutii, aliniona.
Ila mimi nimewaza. Kinachomchelewesha ni kunitafuta. Nimemvuta fundi chemba, nikamwambia aifungie ile baiskeli keria imara ya nyuma, na mto wa kukalia. Safari ijayo hatakuwa na haja ya kugeuza kichwa. Nitakuwa nyuma yake, nimemshika kiuno.
Unacheka nini, mkwe? Andika.