Kichwa cha Kaka Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Dada kapita saluni asubuhi, hata salamu hakumaliza. Jumamosi maktaba inampa Kaka cheti cha miaka ishirini na mitano ya kujalidi vitabu. Kutakuwa na wageni, hotuba na mpiga picha. Na Kaka anataka kunyolewa. Kasema mwenyewe, mara mbili! Nilikaribia kumkumbatia Dada. Kisha akaongeza kwamba ameshaongea na Bwana Vioo.

Bwana Vioo! Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyebandika vioo mpaka darini. Yeye ndiye amnyoe mtoto wa kwanza wa baba yangu, na kiti cha baba yangu kiko hapa, ngozi ya mikono yake imechakaa pale pale Kaka alipokuwa akiweka viganja! Nikamwambia Dada huo ni usaliti. Dada kanikumbusha ya mwaka jana. Anapenda kukumbusha watu mambo, Dada.

Ya mwaka jana ni haya, nayaandika mara moja tu. Mwezi mmoja baada ya kumzika Baba, Kaka alikuja kama kawaida yake, Alhamisi saa nane mchana. Mimi nikaona dawa ni kumwahi kabla hajaanza kuogopa. Nikanyata kwa nyuma, mashine inaunguruma. Katoka mbio na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa robo, akakatiza sokoni hadi nyumbani. Tangu siku hiyo ni kofia tu. Hakuna aliyekigusa kichwa chake.

Daktari aliiita hali ya Kaka usonji, wakati huo ameshapita miaka thelathini. Baba alisikiliza yote, akashukuru, akasema ni vizuri limepatikana jina. Cha kufanya alikuwa anakijua zamani. Alhamisi saa nane alifunga mlango, akazima redio, akamwekea Kaka magotini lile koti lake zito la mvua. Kaka akatoa mfukoni kipande chake cha mahameli, akawa anakisugua kwa kidole gumba. Halafu Baba ananyoa polepole na kutangaza kila anakokwenda. Nakuja shingoni. Nakuja nyuma ya sikio la kulia. Mimi nilikuwa nasubiri nje kwenye ngazi, nasikia sauti yake kupitia mlango. Nilidhani ni uzee tu, mtu anajisemea.

Nimefikiri sana. Siri ya Baba lazima iko kwenye kifaa fulani. Nimemwomba Dada siku nne. Kanipa mbili.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Kaka akienda sokoni huvaa vizuia kelele, vile vya kufunika masikio yote mawili, na hupita katikati ya wauza samaki kana kwamba yuko bustanini. Basi kinachomtisha ni mlio wa mashine. Ziba masikio, kazi imekwisha. Nimeazima vikubwa kuliko vyake kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Vyekundu, vina utepe mpana wa kupita utosini.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nikafanya majaribio kwanza. Mwalimu mstaafu, yule anayekuja kila asubuhi kusoma gazeti langu kabla yangu, alikubali kukaa kitini kwa ajili ya elimu. Nikamvisha. Kasema ni raha tupu, hanisikii kabisa. Nikanyoa. Nilimuuliza kama nipunguze juu, akatabasamu. Nilimuuliza kama pembeni panatosha, akatabasamu. Sijawahi kupata mteja mtulivu namna ile.

Nilipovivua nikaona kasoro. Miaka kumi na saba ya ukinyozi, na haikunijia akilini kwamba vizuia kelele hukaa mahali pale pale penye nywele! Mwalimu alibaki na barabara ya mvi kutoka sikio hadi sikio, na mviringo mmoja kila upande. Nikamwambia inarekebishika. Alijitazama kiooni kwa muda mrefu. Akachukua kofia yangu msumarini, akavaa, akavuka barabara. Bwana Vioo alimpokea kwa mikono miwili, kisha akanipungia mkono kupitia dirishani. Macho makavu!

Jioni Kaka alipita akitoka kazini, akasimama mlangoni kama anavyosimama siku zote, haingii. Nikamwonyesha kile kifaa. Akakigeuza mara moja, akauliza nywele za chini yake ningezinyoa saa ngapi. Akanirudishia, akaenda zake.

Jumatano, 5 Juni

Uzito! Nimekumbuka koti la Baba. Lilikuwa zito kiasi kwamba likilowa halitundikiki. Tulipokuwa wadogo tulijifunika nalo wote watatu siku za mvua, Kaka katikati, na mvua ikikatika mimi na Dada tunachomoka kwenda kucheza madimbwini, yeye anabaki humo humo mpaka Mama amwite kula. Ah, siku zile! Paa la mabati, na harufu ya koti. Hata leo kazini kwake Kaka ana mto wa mchanga anaouweka mapajani akishona vitabu. Koti lenyewe liko kabatini kwa Dada. Siwezi kumwomba Dada koti baada ya kumwambia nina mbinu zangu za kisasa.

Basi nikatengeneza langu. Fundi cherehani wa jirani kanishonea shuka la kunyolea lenye mifuko arobaini. Nikajaza mchanga wa pale wanapojenga.

Saa kumi Kaka alikuja. Akaingia! Akakaa! Nikamfunika, akafumba macho. Akasema ni zito, ni zuri, ila mchanga ni mbichi na unanuka saruji. Mtu mwingine angeishia hapo, achukue mkasi aanze kazi. Mimi nikaona mambo yananyooka, kwa nini nisiongeze? Nikawasha spika ya sauti ya mvua. Nikawasha taa ya buluu. Nikawasha mshumaa wa harufu ya maua, na feni ya kuisambaza hiyo harufu. Mara mvua ikakatizwa na tangazo la biashara, mtu anapiga kelele kuuza magodoro. Na kiti nacho, pampu yake ni ya tangu enzi za Baba, kikaelemewa na mchanga, kikaanza kushuka. Kikashuka taratibu mpaka kichwa cha Kaka kikafika usawa wa goti langu. Nikapiga magoti ili nisionekane nimeshangaa.

Kaka alifumbua macho. Akainuka, akalivua shuka, akalikunja mara nne pembe kwa pembe, maana hawezi kuacha kitu ovyo. Akasema, "Vitu vingi." Akaondoka. Hakukimbia, na hayo nayahesabu kuwa maendeleo.

Dada hakuyahesabu hivyo. Kanitolea uvivu mbele ya wateja wawili. Ijumaa saa tisa, kwa Bwana Vioo, mjadala umefungwa. Kasema Kaka ameacha kufanya mazoezi ya hotuba yake kwa sababu yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Saa nane mchana nilijikuta nimezima redio. Hakuna aliyeniambia. Mkono tu. Nikasimama katikati ya saluni tupu nikitazama mashine ya mkono ya Baba, ile isiyotumia umeme, niliyoitundika ukutani iwe pambo. Alikuwa akiipuliza kabla ya kuanza, pumzi mbili fupi. Nimemkumbuka Baba leo. Kisha nikamwona Bwana Vioo anapangusa vioo vyake huku anapiga mluzi, damu ikanichemka.

Nikavuka kwenda kumsalimia, eti. Kanipa kiti, kanipa soda. Halafu akafanya jambo la kuudhi sana: akauliza Kaka anapenda nini na hapendi nini. Ana kalamu mkononi! Anataka kuandika! Mimi sijawahi kuandika kitu juu ya kichwa cha mteja.

Nikamwambia. Kaka anapenda muziki, tena wa juu kabisa. Anapenda kupigwapigwa mabegani. Na asiambiwe kitu mapema, maana furaha yake ni kushtukizwa. Bwana Vioo akaandika yote kwa hati nzuri. Akanishukuru, akasema inaonekana nampenda sana ndugu yangu.

Raha niliyoipata ilidumu upana wa barabara. Nimekwenda mlangoni mara tatu ili nirudi nikamwambie ukweli. Mara zote tatu alikuwa na mteja. Ndiyo sababu nitakayoitoa nikiulizwa.

Ijumaa, 7 Juni

Haya nayo niyaandike.

Saa tisa kamili Dada na Kaka waliingia kwa Bwana Vioo. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya pazia na ufagio, najifanya nafagia. Kisha muziki ukalipuka, vioo vyote vikatetemeka. Nikatupa ufagio, nikatoka mbio nikauzime kwa mikono yangu. Sikumaliza kuvuka. Kaka alikuwa ameshatoka, viganja masikioni, macho chini. Akanipita katikati ya barabara kama hanijui, akaingia kwenye saluni ya Baba. Dada nyuma yake, na koti la Baba mkononi. Alikuwa ameenda nalo, yeye.

Kaka alikaa sakafuni kati ya kiti na ukuta, anajisukasuka mbele na nyuma, anahema. Dada akamfunika koti. Nikafungua mdomo nieleze. Dada akanitazama. Nikaufunga. Nikafunga na mlango, nikazima redio, feni, taa, kila kitu, nikakaa sakafuni pamoja nao. Niliona haya kiasi kwamba sikuwa na mpango wowote kichwani, jambo ambalo halijanitokea tangu utotoni.

Kujisukasuka kukapungua, kukaisha. Kaka akainuka. Akaitoa mashine ya mkono ukutani, akanipa. Akakaa kitini, koti magotini, mahameli kidoleni. Akazungumza maneno mengi kuliko yote aliyoniambia tangu mazishi. Kasema Baba alikuwa anasema kwanza, halafu anakata. Mimi nakata kwanza, halafu nasema. Kasema siku ile hakuikimbia mashine. Alikimbia kwa kuwa hakujua mkono ule ulikuwa wa nani.

Nikaitia mashine mafuta ya cherehani. Nikasema nakuja shingoni. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. Nikasema tena, nakuja nyuma ya sikio la kulia. Na hapo, naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma, ilitoka sauti ya Baba. Sikuiga. Ilitoka tu. Dada akageukia dirishani. Kaka akainamisha kichwa mwenyewe, upande ule ule, kabla sijakigusa.

Nililia mpaka ikabidi nisimame. Kaka akauliza mbona sisemi nakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote, nimesimama kidogo. Akasema sawa.

Ilichukua saa moja na nusu. Mstari wa shingo umenyooka, pembeni pamelingana. Akajipitisha kiganja kichwani, mbele, nyuma, mbele. Akasema, "Ndiyo hivyo."

Jumamosi, 8 Juni

Kaka alipendeza! Vizuia kelele shingoni, mahameli mfukoni, kichwa kimetulia. Aliwaomba mapema wasipige makofi, basi ukumbi mzima ukanyanyua mikono na kuitikisa hewani bila sauti. Alisoma hotuba yake ya sentensi sita. Ya tano ilihusu gundi. Ya sita ilisema kichwa chake kimenyolewa na mdogo wake. Nikasimama ili watu wanione.

Bwana Vioo alikuja mpaka mlangoni kumwomba Kaka radhi. Kasema kosa ni lake, labda aliandika vibaya nilichomweleza. Nikamshika bega, nikamwambia yaishe, binadamu hukosea. Nimemsamehe. Sina kinyongo.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na akili mpya. Wiki hii nimejifunza mengi sana.

Jana mama wawili na mzee mmoja waliniuliza kama naweza kuwanyoa watoto wao namna ile, kwa utulivu. Watu wana kiu ya utulivu! Nitaizindua rasmi huduma hiyo, hapa saluni, Alhamisi hii. Nimepata jina: Kiti cha Utulivu. Bwana Vioo, kwa vile dhamiri inamsuta, ananiazima muziki wake wote na spika zile kubwa, tuziweke barabarani, mbili kila upande. Kutakuwa na mtangazaji. Vijana wa tarumbeta wamekubali. Mwalimu mstaafu atakata utepe, nywele zake zimeanza kuota.

Kaka amesema atakuja Alhamisi saa nane, nimnyooshee mstari wa shingo tu. Inaangukia vizuri mno! Atakapofungua mlango, watu mia watasimama, tarumbeta zitalia, na mimi nitatokea nyuma ya pazia na mashine. Dada naye hajui, angeharibu.

Simwambii Kaka chochote. Najua anapenda aambiwe kwanza, hilo nimelishika vizuri. Lakini ile ni kwa kunyoa. Hii ni zawadi, na zawadi lazima imshtukize mtu.