Baiskeli Yangu na Kamba ya Verdiana

Jumapili, 4 Februari 1973
Nimeaibishwa nje ya kanisa! Bwana Mganga Alois wa zahanati amelitazama tumbo langu mbele ya watu. Ati mimi karani wa ghala nikienda kazini kwa baiskeli, maili mbili za tambarare, sifanyi mazoezi, nabebwa. Nitembee mwendo wa haraka: niweze kuongea, nisiweze kuimba. Akaongeza kwamba baiskeli nayo inafaa, ila niikanyage kwa nguvu. Nimeshika neno baiskeli.

Mke wangu Verdiana alisikia yote. Nyumbani kanizungushia kamba ya katani, kisha kafunga fundo vidole vinne ndani ya kipimo. "Baba Helena, tumbo lisipoenea kwenye fundo hili tarehe kumi na nane, baiskeli anachukua Ponsian."

Ponsian ni kaka yake. Mkavu, hutembea kama anafukuzwa na nyuki. Apewe baiskeli yangu! Nililima misimu mitatu kuipata.

Jumanne, 6 Februari
Nimeendesha kwenda ghalani. Njiani nikajikuta naimba Kirie nzima ya misa, sauti ya besi. Nikashtuka: anayeimba hafanyi mazoezi. Dawa nimeipata. Kuanzia kesho siimbi.

Jumatano, 7 Februari
Kimya, kwenda na kurudi. Kazi ngumu mno! Nimekula ugali sahani mbili kurudisha nguvu.

Ijumaa, 9 Februari
Mvua kubwa. Udongo wa mbuga umejaa kwenye madigadi, magurudumu hayazunguki. Nikachokoa kwa kijiti. Hatua kumi, yamejaa tena. Ponsian akapita kwa miguu, kaptula kaikunja, akaniuliza kwa heshima zote kama nitafika kabla ya Pasaka.

Kuirudisha nyumbani? Watasema baiskeli imeshindwa. Kwa hiyo nimeibeba begani maili zote mbili. Kuimba sikuweza, kuongea sikuweza.

Jumatano, 14 Februari
Mvua siku ya sita. Bado naenda kazini na baiskeli. Wakiniuliza nawajibu hivyo hivyo, na si uongo. Bega limechubuka. Suruali inateremka, sijui kwa nini. Ponsian amejitolea kunipokea mzigo. Mnafiki! Niliona jicho lake lilivyoganda kwenye kengele.

Jumapili, 18 Februari
Kamba imeenea, na nafasi ya kidole imebaki! Nimejipigia vigelegele mwenyewe. Verdiana kapima mara ya pili, kaikunja kamba yake. Baiskeli ni yangu. Ponsian anadai ni miguu iliyofanya kazi. Wivu tu. Miguu hii ninayo tangu nizaliwe na haijawahi kunipunguza hata inchi moja.

Jumatatu, 19 Februari
Heshima imekuja! Bwana Mganga ananiomba niende kijiji cha Mamba keshokutwa, nikawaeleze watu wa darasa la watu wazima jinsi nilivyolishinda tumbo. Hotuba tayari. Nitawaambia wazi kwamba kutembea ni kupoteza soli za viatu, na kwamba mguu umeumbwa kwa ajili ya pedali.

Mvua imekatika, barabara imekauka vizuri. Verdiana ameuliza nitaondoka saa ngapi, maana Mamba ni mbali kwa baiskeli. Nimemcheka. Lori la misheni linapita asubuhi, nimeshaomba nafasi mbele kwa dereva. Baiskeli itafungwa juu, watu waione.