Perege wa Zamu ya Alhamisi

Jumapili, 9 Novemba 2025
Leo nimepata wazo la maisha yangu! Bi Kaltham, mama mkwe, anakuja kwetu Ibra, huku Omani, Ijumaa kutoka Samail. Baada ya chakula atatwambia nani atalitunza shamba lake la mitende la hapa: mimi, au Ghanim, mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu. Ghanim anataka kupanda ndimu. Ndimu! Mimi nataka kuvulisha wageni. Watalii wanaokwenda jangwani Mintirib wote wanapita hapa. Watasimama, watarusha ndoana yenye inzi bandia wa manyoya kwenye birika la maji la shamba, watavua perege. Nimeshanunua fimbo na mshipi. Tahani, mke wangu, kauliza birikani mna samaki gani. Nimemwambia asinivunje moyo.

Jumatatu, 10 Novemba
Kazini nimeomba ruhusa, nikasingizia jino. Mbio mpaka mji wa Adam kwa mfugaji wa samaki, nikarudi na perege wazima kwenye tangi nyuma ya gari. Kila tuta maji yanamwagika. Gari yote inanuka vumba. Lakini wazima, mashallah! Nimewatia birikani. Ijumaa nitamwambia mama mkwe kuwa wamo humo siku zote, ila hakupatikana mtu wa kuwavua kwa ustadi.

Nimempigia simu, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia asihangaike na nyama, samaki juu yangu. Kasema tangu atoke Unguja hajala samaki wa kupaka wa maana. Moyo umenidunda kwa furaha.

Jumatano, 12 Novemba
Mazoezi baada ya alasiri. Mshipi uende nyuma, utulie, ndiyo uje mbele. Wangu umekwenda nyuma ukabaki kwenye mtende. Mara ya pili ndoana imeondoka na kofia yangu. Inzi perege hawakumtaka. Basi nikakata kile kishada cha shingoni kwenye kanzu yangu ya Ijumaa, nikakifunga kwenye ndoana. Kimekolea udi. Perege mmoja kaja, kanusa, kageuka. Lakini kanusa! Hiyo dalili njema.

Ghanim kachungulia ukutani, kauliza nafukuza ndege gani. Shamba lake liko chini ya hili, na maji ya falaji, mfereji tunaogawana kwa zamu, hupita birikani kwetu kwanza. Nimeona lazima nimshughulishe asije akagundua. Nikampa zamu yangu ya maji ya kesho alfajiri, mbele ya wazee wa falaji, amwagilie mpaka achoke. Kanishukuru sana, maskini. Sijapata kumpiga chenga safi namna hii.

Alhamisi, 13 Novemba
Lahaula. Ghanim kaja baada ya sala ya alfajiri, kama desturi, kang'oa lile jiwe lililofungwa matambara linaloziba tundu la birika. Maji yote yakashuka kwake. Na perege wangu wote! Nimekuta tope tupu.

Nimeteremka mbio. Ghanim kapandisha kanzu magotini, anaokota perege kwenye majani ya ng'ombe, anatia ndooni. Nikamwambia wangu hao. Kasema maji ya zamu yake, na zamu nimempa mwenyewe. Wazee nao wakasema ndivyo. Nimekaa garini nikalia kidogo.

Ijumaa, 14 Novemba
Perege wa kupaka, nazi nzito, wametoka jikoni kwa Ghanim. Bi Kaltham kala mpaka kalamba vidole. Kasema mtu anayeweza kupata samaki kwenye majani ya ng'ombe, huyo ndiye wa kuachiwa shamba. Kampa funguo palepale. Halafu kaniuliza mbona kanzu yangu haina kishada. Roho imeniuma sana, wallahi. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimeamka mpya! Kosa halikuwa langu. Kosa ni falaji, maji hayatulii pahala pamoja. Nimekwenda Mintirib, kwenye kambi moja ya wageni. Wana bwawa la kuogelea, zuri, maji yanang'ara mpaka chini, hayana zamu, na Ghanim hayuko. Meneja kacheka, kasema nijaribu. Mimi si mjinga, nimeuliza kwanza: ile dawa ya kuulia vijidudu wanayotia majini haiharibu manyoya ya inzi? Kasema haiharibu kabisa.

Perege wanafika kesho.