Jedwali la Mstari Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Nashukuru nimeamka na akili zangu zote. Mkutubi Mkuu ameagiza muda wa kuazima vitabu uwe siku ishirini na moja badala ya kumi na nne. Kazi ndogo? Thubutu! Hiyo kumi na nne imeandikwa ndani ya hoja thelathini na saba, yaani amri za kompyuta zinazouliza hifadhidata ya maktaba. Dada Miwani, jirani yangu wa meza, kashauri tuzipitie moja moja. Nikacheka kimoyomoyo. Ijumaa nathibitishwa kazini au nafungasha virago. Lazima nionekane!

Nimetunga hila. Jedwali moja, mstari mmoja, na ndani yake 21. Kila hoja iungane nalo, ichukue namba hapo. Ukibadilisha pale, kote kumebadilika.

Jumanne, 4 Machi
Imekubali! Mkutubi Mkuu kanipa mkono. Dada Miwani kasema wazo ni zuri, ila nilifunge jedwali lisipokee mstari wa pili. Wivu huo. Nani atakuwa mjinga kiasi hicho?

Jumatano, 5 Machi
Nimeongeza mstari wa pili. Wa watoto, siku kumi. Nimejisikia mtu mwema.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Kila hoja inakutana na mistari miwili, kwa hiyo kila kitabu kinatoka mara mbili. Asubuhi Mkutubi Mkuu alifurahi vitabu vimezaana, akaanza kuulizia rafu. Saa nne kaingia mwalimu mstaafu, bibi wa watu, kichwa kimejaa vumbi. Barua yetu, inayoandikwa na hoja hizo hizo, ilimtaka arudishe nakala mbili. Aliazima moja! Kasogeza vitanda vyote kuitafuta ya pili, na akatuomba radhi sisi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mkutubi Mkuu akauliza nani kafanya hivi. Nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta kalamu. Dada Miwani akasema kosa ni lake, yeye ndiye alipaswa kukagua. Kisha akaufuta mstari wangu, akalifunga jedwali, akamrudisha bibi nyumbani kwa gari lake akamsaidia kurudisha vitanda mahali pake.

Ijumaa, 7 Machi
Nimethibitishwa! Nimelia chooni. Nilimwuliza Dada Miwani kwa nini alinikinga. Akasema wazo halina kosa, mwenye wazo ndiye ana kiherehere. Mungu ampe maisha marefu. Sijawahi kutendewa wema kama huu. Mke wangu kasema kama nashukuru kweli, nisiguse kitu, maana asante ya punda ni mateke. Sijui alimlenga nani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekuja ofisini peke yangu. Shukrani ya mdomo mtupu haitoshi. Nataka jina la Dada Miwani likae ndani ya jedwali, kila hoja ilikute. Jedwali likakataa mstari wa pili. Nimelifungua kidogo tu, nikauingiza. Barua za wasomaji zinajituma zenyewe kesho alfajiri. Atafurahi huyo!