Kaimu Kichaka

Kutokuwepo kwa mierebi kulianza rasmi Jumatatu moja ya mwaka 1968. Chifu Angwenyi alitangaza barazani kwamba Mto Gucha sasa ni mto wa maendeleo, na mto wa maendeleo lazima uonekane. Mkuu wa wilaya angepita darajani mwezi huo. Haikufaa aone vichaka.

Kufikia jioni tulikuwa tumeikata yote, kingo zote mbili. Mwerebi ni kichaka cha majani membamba, huinamia maji, na serikalini hauna kazi inayojulikana. Mimi, karani wa chifu, niliandika kwamba shughuli imekamilika.

Jumanne hakuna aliyeoga.

Sisi wa upande huu tunaoa upande ule. Wakwe wa kila mtu wako ng'ambo, na mtu na mama mkwe wake hawaonani ovyo, sembuse bila nguo. Mierebi ilikuwa ikiwasitiri bila mshahara. Sasa watu walisimama mlimani na mitungi, wakingoja wa ng'ambo waondoke, nao wa ng'ambo wakingoja hivyo hivyo.

Chifu hakukosea, palikuwa na nafasi wazi tu. Alimteua Nyangau, askari kibarua, kuwa Kaimu Kichaka. Nyangau alikuwa mpana, mpole, na alikuwa amengoja miaka kuthibitishwa kazini. Alivikwa majani ya migomba, akasimama kati ya mwogaji na ng'ambo, macho yamefumbwa kama kanuni ilivyotaka. Mwogaji akisogea, alikohoa, na Nyangau akasogea. Chifu akamwahidi kwamba malalamiko yasipokuja, mwisho wa mwezi atathibitishwa.

Ijumaa Nyangau akaja ofisini, kofia mkononi.

"Mzee, kesho ni Sabato. Siwezi kuwa kichaka."

"Kichaka hakina dini, Nyangau."

"Kile cha zamani, ndiyo. Mimi nimebatizwa."

Chifu akamwambia akikosa kesho asahau kazi. Nyangau akafikiri, akashukuru, akavua majani yake, akayakunja vizuri mezani pangu.

Chifu ni Mkatoliki. Huoga Jumamosi kwa ajili ya misa. Aliingia majini, mimi nikashika taulo nikitazama kwingine. Alikuwa amejipaka sabuni hadi machoni wakati mama mkwe wake Bosibori, Mkatoliki pia, alipotokea ng'ambo na karai la nguo. Aliona yote kabla chifu hajazama hadi shingoni. Kisha akampa kisogo, akaanza kufua.

Kusemezana hawakuweza. Wakatumia ofisi.

"Karani, muulize huyo samaki nani alikata miti."

Nikauliza. Samaki akasema ilikuwa amri kutoka juu.

"Basi mwambie nguo zangu zina amri ya kukauka."

Akazianika maweni. Siku hiyo kulikuwa na mawingu.

Jumatatu chifu alitaka kumfukuza Nyangau. Lakini sababu ya kufukuzwa lazima ipelekwe kwa mkuu wa wilaya. Nilishika kalamu, nikauliza niandike sababu gani. Chifu alipiga chafya mara kadhaa. Mwishowe akaniambia niandike kwamba Nyangau amethibitishwa, Jumamosi mapumziko.

Nyangau alisimama pale miaka mitano. Mierebi ilichipuka kwenye visiki, ikampita kimo, na hakuna aliyemwambia aondoke. Alifariki wakati wa masika. Wa pande zote mbili za mto walikuja, wakasimama kushoto na kulia kwa kaburi, wakitazama chini.

Nafasi yake haijajazwa. Chifu huoga nyumbani, kwa karai.